Tairi za gari kwenye trela ya boti: mwongozo kamili kwa watu wa ziwani

Trela nyingi za boti unazoziona Mwanza, kuanzia Igombe mpaka Luchelele, hazijatoka kiwandani zikiwa hivyo. Ni ekseli ya nyuma ya gari iliyokufa, chaneli za chuma, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea. Na zile chache zilizoletwa toka nje zinakuja na vitairi vidogo ambavyo siku vikipasuka uko Kayenze unaanza kupiga simu Dar. Kwa hiyo wote tunaishia palepale, tairi na rimu za gari ndogo, na hakuna ubaya wowote, trela inaweza kutembea nazo miaka.

Shida ni tunavyozichagua. Fundi anachukua rimu, anaisogeza kwenye stadi (zile boliti zinazopokea nati), ikiingia anakwambia "hii imekubali boss", basi, mchezo umeisha. Wakati kuingia kwenye stadi ndio jambo dogo kuliko yote. Hapa nimepanga kazi kwa mpangilio ninaoufuata mimi, uzito kwanza, matundu baadaye, na kwenye beringi nitakaa sana maana huko ndiko trela za ziwani zinakofia.

Jua unabeba kilo ngapi

Usikadirie kwa macho. Boti ya fiber inaonekana nyepesi mpaka uanze kuhesabu vilivyomo ndani. Tuchukue mfano: boti tupu kilo 450, injini ya nguvu farasi 40 pamoja na betri tuseme 90, petroli lita 50 ambayo ni kama kilo 37, nyavu na nanga na maboya na makasha 80, halafu trela yenyewe 250. Jumla kilo 907. Kuna sehemu kidogo inakaa kwenye huku (ndoano ya kuvutia) ya gari ila usiitoe kwenye hesabu, chukulia yote iko kwenye tairi mbili, yaani kama kilo 454 kila moja. Kwa barabara zetu ongeza asilimia 20 ya mashimo na matuta, unapata 544 hivi. Hiyo ndiyo namba unayoenda nayo kwa fundi tairi.

Kama boti yako ni ya mbao basi ipime ikiwa imetoka majini, sio ile iliyokaa juani mwezi mzima, mbao inanyonya maji na tofauti yake sio ya kitoto. Na maji yaliyobaki ndani yamwage kabla hujavuta, lita 100 za maji ni kilo 100 kamili ambazo hazikulipi nauli. Njia ya uhakika ni kupandisha trela kwenye mizani ya magari, wanaonunua chuma chakavu wengi wanayo, ukiongea nao vizuri wanakupimia.

Sasa geukia ubavu wa tairi. Pale kwenye 175/65R14 82T, mfano tairi ya Toyota IST, ile 82 ndiyo namba ya uzito na wengi hawaisomi kabisa. 82 ni kilo 475, 88 ni 560, 91 ni 615, 95 ni 690, 102 ni 850, 106 ni 950. Lakini subiri, kwa tairi za gari ndogo hizo kilo ni za ikiwa kwenye gari ndogo. Wamarekani wana utaratibu wa kugawanya kwa 1.1 tairi ya saloon ikihamia kwenye trela, na mimi naufuata kwa sababu trela haina shoki, inarukaruka, na hakuna mtu aliyekaa ndani akasikia kwamba kuna kitu kinagonga. Kwa hiyo 82 inashuka mpaka 432, ile tairi ya IST iliyoingia vizuri kabisa imeshafeli kabla hata hujaifunga. 88 inakuwa 509, inabeba mzigo wa mfano wetu ila haina akiba ya kutosha. 91, mfano 195/65R15, inakuwa 559, hapo unalala usingizi. Ukipata tairi za C, zile za Hiace na pickup, mfano 185R14C yenye 102, hata usigawanye, zimetengenezwa kubeba.

Ila hapo kuna mtego. Tairi ya C inataka upepo mwingi ili ibebe hizo kilo, nyingine mpaka psi 65, na rimu ya saloon pamoja na valvu yake ya mpira havikutengenezwa kwa upepo huo. Ukichukua tairi ya C chukua na rimu yake ya C, na valvu weka ya chuma. Angalia nyuma ya rimu, nyingine zimepigwa chapa ya uzito zinazobeba. Rimu za spoti (za aloi) mimi siziweki kwenye trela ya boti, chuma ikigonga jiwe inapinda na unafika, spoti inaweza kupasuka.

Matundu: pima, usijaribishe

Idadi ya stadi haitoshi. Kinachotakiwa ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote, mafundi wanaita PCD. Rimu ya stadi 4 au 6 ni rahisi, pima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalotazamana nalo. Ya stadi 5 hakuna linalotazamana, kwa hiyo pima matundu mawili ya jirani, na ili usibahatishe katikati iko wapi pima toka ukingo wa kushoto wa tundu moja mpaka ukingo wa kushoto wa la pili, halafu zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 67 ni 114.3, ukipata 59 ni 100.

Kwa gari zilizojaa mjini: IST, Probox, Spacio na Corolla za zamani ni 4 kwa 100, yaani stadi 4 na PCD ya milimita 100. Premio na Allion ni 5 kwa 100. Noah, RAV4 na Mark II ni 5 kwa 114.3. Prado, Hilux ya 4WD na Hiace zile mpya za body ya 200 ni 6 kwa 139.7. Kwenye trela zilizotoka nje, 5 kwa 114.3 na 6 kwa 139.7 zipo sana na zinaoana na hizi zetu moja kwa moja.

Hatari iko kwenye zile zinazokaribiana. Kuna habu (kitovu kinachofungiwa rimu) za trela za stadi 4 zenye 101.6, na rimu ya IST ni 100, tofauti milimita moja na nusu tu, ukisukuma inaingia na nati zinakaza. Ila stadi zinakuwa zimevutwa pembeni, nati haijakaa kwenye kiti chake yote, inagusa upande mmoja. Ukishatembea kidogo kwenye vumbi inalegea, rimu inaanza kula matundu yanakuwa ya yai, na stadi zinakatika moja baada ya nyingine. Hivyo hivyo 112 na 114.3. Ukiona unalazimika kuingiza rimu kwa kugonga, au fundi anasema "ngoja nipanue kidogo na drili", chukua rimu yako uondoke. Kama huna jinsi kabisa badilisha habu au ekseli, usibadilishe matundu.

Halafu angalia tundu la katikati. Rimu za Toyota za 5 kwa 114.3 nyingi tundu lake ni 60.1, zile za 4 kwa 100 ni 54.1, wakati shingo ya habu ya trela inaweza kuwa nene kuliko hapo. Rimu inakaa kwenye shingo badala ya kulala kwenye uso wa habu, unakaza nati ukidhani umemaliza, kumbe katikati kuna uwazi. Njia ya kujua ni kuiweka kwa mkono bila nati hata moja, ilale yenyewe, usiisikie ikicheza wala usione mwanga nyuma yake.

Rimu inaingia ndani kiasi gani

Hii ndio wengi hawaijui na ndio inakula tairi kimyakimya. Rimu za trela nyingi uso wake wa kufungia uko katikati kabisa ya upana, rimu za saloon uso umesogezwa nje, milimita 35 mpaka 50, kwa hiyo ukiifunga kwenye trela tairi zima linarudi ndani. Laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya mgongo wake, pima toka kwenye rula kwenda chini mpaka uso unaofungwa kwenye habu. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani na mpya. Kama ya zamani imesoma 82 na mpya 127, tairi litaingia ndani 45 kila upande, na trela yako imekuwa nyembamba kwa milimita 90, kwenye kona na upepo wa ziwa utaiona inavyoyumba.

Baada ya hapo iangalie ikiwa na mzigo. Boti iwe juu, watu wawili wakae nyuma waitikise, na katikati ya tairi na springi au fremu vidole viwili vipite vikiwa vimelala. Juu, kati ya tairi na madigadi, acha zaidi, inchi mbili hivi. Haitoshi? Tafuta rimu za pickup za zamani, mara nyingi haziingii ndani sana kama za saloon, au hamisha springi. Usirundike washa (zile pete bapa za chuma) nyuma ya rimu. Nimeziona hizo trela, washa nne nne kwenye kila stadi, na mwenye nayo anatabasamu kabisa.

Nati

Toyota na Honda ni M12 kwa 1.5, yaani stadi ya unene wa milimita 12 na nyuzi kila milimita 1.5, Nissan ni M12 kwa 1.25. Ukiweka nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota inazunguka mara moja mbili inagoma, ukilazimisha na wilispana unaua nyuzi. Hiyo angalau inakupa taarifa. Ya hatari ni ile ya trela za Kimarekani zenye stadi za nusu inchi, nati yake ukiipeleka kwenye stadi ya M12 ya Nissan inaingia laini kama siagi, inacheza, unafurahi, na siku ya kukaza au siku ya safari inavuka nyuzi zote. Nati izunguke kwa vidole mpaka mwisho bila kutikisika pembeni.

Angalia pia sura ya mbele ya nati. Rimu ya chuma ya Toyota inataka nati yenye koni. Honda ni ya duara kama mpira, na rimu nyingi za spoti za Toyota ni bapa zenye washa. Koni kwenye kiti cha duara inagusa mstari mwembamba tu na italegea. Na nati ishike stadi angalau milimita 12, kwa nyuzi za 1.5 hiyo ni kuzungusha mara 8 kamili toka inapoanza kushika mpaka inapogusa rimu.

Kabla ya kufunga kwangua kutu na rangi nene kwenye nyuso zinazokutana. Usipake oili wala grisi kwenye nyuzi, nati yenye grisi inakaza kupita kiasi bila wewe kujua. Kaza kwa kuruka (kaza moja, ruka ya jirani), sio kwa kuzunguka, tairi likiwa juu, halafu shusha ukamalizie. Kipimo cha kukaza nati za Toyota nyingi ni kama 103 Nm. Huna spana ya kupimia? Chukua spana ya urefu wa nusu mita, weka nguvu kama ya kusukuma kilo 20 hivi kwenye ncha, umefika. Ukipanda juu yake na kilo zako 70 umepita mara tatu na ushaanza kuvuta stadi. Baada ya kilomita 50 mpaka 80 simama ukaze tena, hata kama unaona uvivu.

Tairi za mtumba

Tarehe iko kwenye namba nne za mwisho baada ya maandishi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela haiishi kwa kukanyagwa, inaishi kwa jua na kukaa, inaweza kuwa na maua yote na imeshakufa. Ikunje kwa kidole gumba ubavuni, ukiona mipasuko midogo kama ya matope yaliyokauka, acha. Ikizidi miaka sita mimi naiondoa trela. Zote mbili ziwe saizi moja. Upepo jaza mpaka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni ukiwa na mzigo, na upime tairi ikiwa ya baridi, asubuhi kabla hujatoka. Kuna jamaa wanapunguza upepo ili wasizame kwenye mchanga ufukweni, sawa, ila hakikisha una pampu hapohapo, ukipanda lami na tairi laini ubavu unachemka na haufiki mbali.

Beringi na maji ya ziwa

Hapa tulia. Unavuta boti, habu inapata moto, hewa iliyomo ndani inatanuka. Unarudisha trela majini ikiwa bado na moto, maji ya ziwa yanaipoza ghafla, hewa ile inajikunja na inavuta maji kupitia kwenye sili (mpira wa nyuma ya habu unaozuia maji). Huhitaji sili mbovu hata, iliyochakaa kidogo tu inatosha. Ndio maana nasema daraja la Kigongo–Busisi limebadilisha mambo. Zamani ukipeleka boti Sengerema trela ilipumzika kwenye foleni ya kivuko, habu ikapoa yenyewe. Tangu daraja lifunguliwe 2025 unaondoka mjini unavuka bila kusimama na unaenda moja kwa moja majini na habu inayochemka. Kwa hiyo ukifika ufukweni, fungua kamba taratibu, piga stori, kunywa soda, mpaka uguse habu na uikute ya kawaida ndipo urudishe nyuma.

Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, kutu yake ni ya polepole kuliko ya kule Dar au Tanga. Hiyo ndiyo inawadanganya watu wanadhani beringi hazidhuriki. Ukifungua kifuniko na grisi imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, haijalishi trela ilitoka kwa fundi lini.

Kitu kingine cha hapa kwetu ni magugu maji na nyuzi za nyavu. Nyuzi ya nailoni inajizungusha nyuma ya habu, inaingia chini ya mdomo wa sili na kuukata kabisa kama wembe. Kila ukitoa trela majini piga magoti uangalie nyuma ya tairi zote mbili, na uzi ukionekana uutoe wote kwa koleo, sio kukata kilichochungulia tu. (Na ukiingia majini kwenye majani vaa gambuti ndefu, kichocho bado kipo.)

Kama ekseli yako ni ya gari la zamani yenye beringi mbili za koni, una bahati, unaweza kuihudumia mwenyewe. Pandisha, weka kabari tairi la pili, toa kifuniko, spilti (pini inayozuia nati isizunguke) na nati. Osha beringi kwa dizeli, zikauke kabisa, usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Angalia roli zake na kikombe chake (pete ya nje zinapozungukia roli), ukiona rangi ya bluu au vitundu kama vya kudonolewa, badilisha zote mbili beringi na kikombe. Weka bonge la grisi kiganjani, ile inayovumilia maji, na usukume beringi kwa upande wake mpana mpaka grisi itokeze juu katikati ya roli, zunguka yote. Usichanganye na grisi ya zamani. Sili weka mpya kila mara, mdomo wenye springi uangalie ndani kwenye grisi. Kisha kaza nati huku unazungusha habu mpaka iwe nzito kidogo, irudishe nyuma ilegee, halafu ikaze kwa vidole tu, weka spilti mpya. Shika tairi juu na chini ulitikise, uwepo mchezo kidogo sana, ambao huusikii, unauhisi tu. Beringi iliyokazwa sana inaungua haraka kuliko iliyolegea.

Kama umepewa ekseli ya gari mpya, beringi yake ni ya kufungwa moja na habu, haifunguki, haiwekwi grisi, na haikutengenezwa kuzama. Inaweza kukaa, ila ichukulie kama kitu cha kutupa na kubadilisha, na usiibandikie trela ya kuingia majini kila siku.

Ukiwa barabarani

Uzito wa mbele kwenye huku uwe asilimia 5 mpaka 10 ya jumla, kwa kilo zetu 907 ni kama 45 mpaka 90. Ukiwa mwepesi kuliko hapo trela inaanza kuyumba na wewe utalaumu tairi. Sogeza boti au makasha mbele.

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, mfano kama unaelekea Magu simama Kisesa, gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza mpaka unaondoa mkono, au moja ni ya moto na nyingine ni ya kawaida, hiyo safari imeishia hapo mpaka uifungue. Gusa na tairi pia. Kasi ya 60 mpaka 70 inatosha, mjini ni 50.

Na taa zichomoe kwenye soketi kabla ya kuzamisha, balbu ya moto ikikutana na maji inapasuka.

Kwenye gari weka seti moja ya beringi, sili, spilti kadhaa na kopo la grisi, na spea ya trela, sio spea ya gari. Ile spea ijaribishe nyumbani kwa kuifunga kabisa, na jeki pia uijaribu, maana jeki ndogo ya saloon kwenye trela yenye boti mara nyingi inafika mwisho kabla tairi halijaacha ardhi, na kwenye mchanga wa ufukweni inazama tu, kwa hiyo beba na kipande cha mbao nene cha kuikalisha.